Kabla mchanga haujamwagwa ziwani: neno la wakaaji juu ya ujenzi wa pembeni ya maji

Mara nyingi inaanza na picha. Bango kubwa linasimamishwa pembeni ya barabara, na juu yake mtu anaona minara ya vioo, maduka chini, nyumba za kukaa juu, hoteli, uwanja wa kuegesha magari, miti iliyopandwa kwa mstari na mashua nyeupe kwenye maji ya buluu. Mtumbwi wa mvuvi haumo. Mama mwenye bidoni ya maji hayumo. Wakaaji wa kata wanapita, wanatazama, wengine wanasema mji unaendelea. Siku malori ya udongo yanapofika ndipo maswali yanaanza: nani alitoa ruhusa? Na sisi tuliulizwa lini?

Swali hilo la pili lina jibu katika sheria za Kongo. Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011, ile inayoweka kanuni za msingi za kulinda mazingira, inataka kila mradi unaoweza kugusa mazingira ufanyiwe kwanza uchunguzi wa athari, na pia upitie mbele ya wakaaji kabla kazi haijaanza. Kwa Kifaransa cha ofisi, hatua hiyo ya wakaaji inaitwa enquête publique. Hapa tutasema uchunguzi wa hadhara. Lakini ni vizuri kulishika jina la Kifaransa, kwa sababu ukifika kwenye biro na kuomba "mkutano wa wakaaji" unaweza kujibiwa kwamba mkutano haujapangwa. Ukiomba dosie ya enquête publique kufuatana na kifungu cha 24 cha sheria ya 2011, karani atalazimika kutafuta jibu lingine.

Kwa kuelewa kinachopotea pale wakaaji wanapokosa nafasi ya kusema, mfano unaojulikana zaidi katika nchi yetu ni Cité du Fleuve ya Kinshasa. Mradi huo ulianza karibu na mwaka 2008, chini ya kampuni Hawkwood Properties. Wazo lilikuwa kutengeneza ardhi mpya ndani ya mto wenyewe, upande wa Kingabwa, kwenye komine ya Limete, kwa kujaza matope na visiwa vya mchanga vya Pool Malebo. Mpango ulitaja hekta 375. Kisiwa kikubwa kingekuwa cha mchanganyiko: maduka, ofisi na nyumba za kukaa pamoja. Kisiwa cha pili kingekuwa cha nyumba za kifahari peke yake, na madaraja yangeviunganisha na mji. Sehemu imejengwa, na leo watu wanakaa humo. Tuseme pia kwa haki kwamba Kinshasa ina shida kubwa ya nyumba, na mtu aliyenunua apartementi pale kwa makuta yake hana kosa lolote.

Lakini Pool Malebo haikuwa nafasi tupu. Kando ya mto, kutoka Kingabwa mpaka Masina, watu wamelima mpunga na mboga kwa miaka mingi, na mazao yao yanaingia kwenye soko za Kinshasa kila asubuhi. Wavuvi wana kambi zao kwenye visiwa. Mtaalamu Mbelgiji Filip De Boeck, ambaye ameandika mengi juu ya Kinshasa, baadaye pamoja na mpiga picha Sammy Baloji wa Lubumbashi, alichapisha mwaka 2011 makala juu ya ndoto hiyo ya mji mpya kwenye maji. Humo anasimulia jambo la ajabu: watu waliojua kwamba wataondolewa walikubali kwamba wao ndio watakaoumia, na hapo hapo wakasema kwamba hata hivyo patakuwa pazuri.

Jambo hilo linafaa kukaa kichwani mwa kila ofisa anayeitisha mkutano wa wakaaji. Watu wa chini hawachukii majengo marefu. Wanapenda mji mzuri kama kila mtu, na bango la picha linawagusa hata kama hawatapata funguo ya mlango wowote ndani yake. Ndiyo maana makofi ya mkutano hayana thamani kubwa. Mtu anaweza kupiga makofi kwa uzuri wa picha, bila kuwa amekubali kupoteza shamba la lengalenga linalolipa masomo ya watoto. Kwa hiyo kazi ya uchunguzi wa hadhara haiwezi kuwa kuhesabu makofi.

Mradi wa Cité du Fleuve ulipoanza, sheria ya 2011 ilikuwa bado haijazaliwa. Anayekuja leo na mpango wa kujenga pembeni ya Ziwa Kivu au Tanganyika hana kisingizio hicho. Kifungu cha 24 kinataja kazi tatu za uchunguzi wa hadhara. Ya kwanza ni kuwajulisha watu wote, na zaidi sana wakaaji wa mahali penyewe, mradi ni wa nini. Ya tatu ni kukusanya maoni yao, mashauri yao na hata mipango tofauti wanayopendekeza, ili mkubwa mwenye kuamua awe na kila kitu mezani. Hizo mbili zinaeleweka upesi, na ndizo zinazosikika kwenye hotuba.

Ile ya katikati ndiyo yenye nguvu, na ndiyo inayorukwa. Sheria inasema uchunguzi ukusanye habari juu ya aina na ukubwa wa haki ambazo watu wengine wanaweza kuwa nazo kwenye eneo litakaloguswa. Soma tena: haki za watu wengine. Sheria haikusema "wenye sertifika" wala "wenye parsele zilizoandikwa kadastra". Kwa kifungu hicho, anayefanya uchunguzi ana kazi ya kutafuta nani anatumia mahali pale, tangu lini, kwa kazi gani na kwa ruhusa ya nani. Katiba nayo, katika kifungu cha 34, inalinda mali ya mtu mmoja au ya kundi iliyopatikana kwa sheria au kwa desturi. Mvuvi hana karatasi ya kusema sehemu fulani ya maji ni yake. Mama anayeanika sambaza kwenye mchanga hana hati. Vijana wanaopakua magunia ya makaa kutoka kwenye mitumbwi hawana mkataba na mtu. Lakini wote wapo pale kila siku, na wote wanaweza kuonyesha.

Wanaofikiri kwamba haki ya namna hiyo haina uzito waangalie kilichotokea Lamu, kwenye pwani ya Kenya. Pale si mji wa maduka na apartementi uliokuwa unajengwa, ni bandari kubwa, lakini swali lilikuwa lile lile: wavuvi wa siku zote walikutwa na buldoza. Walienda kortini. Aprili 2018, Mahakama Kuu ya Kenya huko Malindi iliamua kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo na kwamba haki za wavuvi kwenye maji yale zilivunjwa. Iliagiza wavuvi karibu 4 600 walipwe shilingi bilioni 1,76 za Kenya. Makuta hayakufika mfukoni siku hiyo, mabishano na mazungumzo juu ya malipo yaliendelea kwa miaka. Hukumu ya Kenya pia haimfungi jaji wa Kalemie wala wa Uvira. Inachoonyesha ni kwamba uvuvi wa mababu, bila hati, unaweza kuhesabiwa kwa bei mbele ya jaji, pale watu wanapoweza kuthibitisha kwamba walikuwapo.

Turudi kwetu, kwenye jambo ambalo wakaaji wengi wanalijua nusu. Kila mtu anasema udongo ni wa Leta. Ni kweli, sheria ya ardhi ya 1973 inasema hivyo. Lakini sheria hiyo hiyo inaongeza kwamba chini ya kila ziwa na chini ya kila mto ni mali ya umma. Mali ya umma ya Leta si sawa na parsele ambayo Leta inaweza kumpa mtu kwa kawaida. Ndiyo kusema, mtu anayemwaga mawe na udongo ndani ya ziwa, akapata mita 20 za ardhi ambayo jana ilikuwa maji, ana deni la kueleza karatasi yake imetoka wapi. Bukavu na Goma zimeona sana ujenzi wa namna hiyo. Wakubwa wa mji, mmoja baada ya mwingine, wamekuwa wakikumbusha kwamba mita 10 kutoka kwenye maji hazijengwi. Alama nyekundu zimepakwa kwenye kuta, kuta zimebaki. Wakati mwingine mwenye ukuta ndiye mkubwa wa jana.

Na hapa Mashariki, swali la nani anakaa karibu na ziwa si la leo. Bukavu ya wakati wa Wabelgiji iliwawekea Wazungu rasi za ziwa, La Botte na Muhumba na Nguba. Weusi walipangiwa Kadutu na Bagira. Uhuru ulikuja, wenye nyumba walibadilika, lakini njia za kushuka kwenye maji hazikuongezeka. Zimepungua. Goma ni vile vile: mtu anaweza kutembea mwendo mrefu upande wa Himbi akisikia harufu ya ziwa bila kuliona, kwa sababu kati yake na maji kuna ukuta, kisha hoteli, kisha ukuta. Katika mji ambapo mabomba hukauka na watu wengi hushuka ziwani na mabidoni, njia ya mita 3 kati ya parsele mbili ni bomba la kata nzima. Ikifungwa, bei ya bidoni inapanda siku hiyo hiyo, na anayetumwa kwenda kuchota mbali ni mtoto wa kike.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwenye mradi wa pembeni ya maji ni jepesi: njia ya kushuka itabaki wapi, kwa upana gani, na itakuwa wazi saa ngapi? Majibu kama "tutawafikiria wakaaji" hayatoshi. Njia ionekane kwenye ramani, na mita zake ziandikwe.

Swali la pili ni la maji yenyewe. Matope yanayoonekana kama nafasi ya bure ni mahali mto unapojitandaza ukijaa. Ukiyajaza mchanga, maji yatatafuta mahali pengine, na mahali pengine ni kwa jirani. Januari 2024, mto Kongo ulipanda Kinshasa mpaka mita 6,20 kwenye kipimo, karibu kabisa na mita 6,26 za mwaka 1961, na kata nyingi za kando ya mto zililala ndani ya maji. Kwenye Tanganyika, watu wa Uvira na Kalemie hawahitaji kufundishwa. Miaka hii wameona ziwa likipanda na kuingia ndani ya nyumba na barabara zilizojengwa pale ambapo wazee walikuwa wanasema ziwa hurudi. Mwenye mradi aonyeshe kwenye dosie yake ni kiwango gani cha maji alichopimia, cha mwaka wa ukame au cha mwaka ziwa lilipojaa.

Swali la tatu, uchafu. Apartementi, hoteli na soko kwenye nafasi moja vinatoa maji machafu na taka kila siku. Ziwa Kivu lina mlango mmoja wa kutokea, nao ni Ruzizi, pale pale Bukavu. Plastiki zinazotupwa ziwani na kwenye mifereji ya mji zinasukumwa mpaka kwenye bwawa la Ruzizi, zinaziba mitambo, na umeme unakatika. Mtu wa Kadutu ambaye hajawahi kushika maji ya ziwa kwa miguu yake analipa uchafu wa pembeni ya ziwa kwa kukaa gizani. Naye basi ni mtu anayeguswa na mradi, hata kama nyumba yake iko mlimani. Wanaofanya uchunguzi wa hadhara hupenda kuita avenyi mbili zilizo karibu na kazi, wakidhani wamemaliza. Mpaka wa wanaoguswa unafuata maji, na maji hayafuati mipaka ya kata.

Kuna namna nyingi za kufanya uchunguzi wa hadhara ambao hausikii kitu. Mkutano unaitishwa siku ya soko, saa 4 za asubuhi, wakati akina mama wako kwenye biashara na wavuvi wamelala baada ya usiku wa kazi. Dosie ya kurasa nyingi inaletwa kwa Kifaransa, nakala moja, mezani kwa shefu. Mtaalamu anaonyesha picha kwenye ukuta, anagawa chupa za maji, na mwishoni karatasi ya waliohudhuria inazunguka. Hapo ndipo hatari. Sahihi ya kuonyesha kwamba ulikuja inaweza kesho kusomwa kama sahihi ya kukubali. Anayetia sahihi asome kichwa cha karatasi. Kama hakina maneno, ayaandike mwenyewe kwa kalamu, juu kabisa: waliohudhuria tu.

Sheria haiwapi wakaaji nguvu ya kuzuia mradi kwa kusema hapana. Tusidanganyane. Maoni yanaenda kwa mkubwa mwenye kuamua, na anaweza kuamua tofauti. Uchunguzi wa athari unapimwa na Agence Congolaise de l'Environnement, ACE kwa kifupi, ofisi iliyoundwa mwaka 2014. Amri namba 14/019 ya tarehe 2 Agosti 2014 ndiyo inayoeleza namna ya kuendesha hatua hizo. Kisha kuna vita. AFC/M23 ilichukua Goma mwisho wa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari. Mkaaji wa huko anajua mwenyewe biro gani leo inatoa karatasi na karatasi hiyo ina uzito gani. Katika wakati kama huu mchanga unamwagwa ziwani bila kelele nyingi, kwa sababu watu wanafikiri chakula na usalama kwanza. Ndiyo sababu zaidi ya kuweka kumbukumbu sasa, hata kama hakuna jaji wa kuzipokea kesho.

Na kumbukumbu nzuri haihitaji wakili. Maoni yenye uzito mezani si yale yanayosema "sisi wakaaji tunapinga kwa nguvu zetu zote". Hayo yanajibiwa kwa sentensi moja. Maoni yenye uzito yanasema: kwenye njia hii, chini ya avenyi hii, tulihesabu mabidoni kuanzia saa 12 za asubuhi mpaka saa 3, siku saba mfululizo, na hii hapa hesabu. Mitumbwi inayofunga hapa ni kadha, majina ya wenyewe ni haya, na mzee wa kwanza kati yao alianza kuvua hapa mwaka fulani. Mboga za shamba hili zinauzwa kwenye soko fulani kwa bei fulani. Picha ya simu yenye tarehe, ikionyesha ukingo wa ziwa kabla ya kazi, ina thamani kuliko kurasa kumi za hasira, maana baada ya miezi sita hakuna atakayeweza kuthibitisha maji yalikuwa yanafika wapi.

Ni vizuri pia kusema mnachotaka. Kifungu cha 24 kinaruhusu wakaaji kuleta mpango tofauti. Jengo lirudi nyuma mita 30. Sehemu ya kupakua mitumbwi ibaki na ijengewe ngazi za saruji. Soko la samaki liwekwe chini ya maduka, mahali panapoonekana, lisisukumwe nyuma ya ukuta wa takataka. Madai kama hayo yanamlazimisha mwenye mradi kuhesabu. Mara nyingine atagundua kwamba gharama yake ni ndogo kuliko ile ya kugombana na kata nzima.

Barua iandikwe nakala tatu au nne: moja kwa anayeendesha uchunguzi, moja kwa komine, moja kwa ofisi ya mazingira ya jimbo, na moja ibaki kwa wakaaji ikiwa na muhuri wa kupokelewa. Omba pia nakala ya PV ya mkutano kabla watu hawajatawanyika, au piga picha ya kila ukurasa. Karani akikataa kupiga muhuri, andikeni nyuma ya barua siku, saa na biro mliyofikia, na watu wawili waliokuwepo watie sahihi.